Si kila sarafu yenye sura ya mwanamke ni ya Roma

MTU akiokota sarafu kuukuu ya fedha yenye sura ya mwanamke huko Robanda, wilayani Serengeti, mkoani Mara, asiharakishe kuamini kuwa ameshika dinari ya Warumi wa kale.

Dinari ilianza kutengenezwa Roma takriban mwaka 211 kabla ya Kristo, ikiwa na uzito wa gramu 4.5 hivi. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Roma, mungu wa kike wa mji huo, akiwa amevaa kofia ya vita. Baadaye walifuata wengine, akiwamo Venus, ambaye Julius Caesar alidai kuwa ndiye chimbuko la ukoo wake.

Wafanyabiashara wa dola hiyo walizifahamu pwani zetu. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaitaja Rhapta, bandari inayoaminika kuwa ilikuwa katika pwani ya Tanzania ya leo. Huko waliuza mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, wakanunua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Mwongozo huo unataja sarafu zilizopelekwa Adulis, katika Eritrea ya leo, na India, lakini katika bidhaa za Rhapta sarafu hazimo.

Kwa hiyo, sarafu ya namna hiyo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya karne ya 19: rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, au riale ya Maria Theresa wa Austria. Riale hiyo huwa na mwaka 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada ya kifo chake. Rupia za Wajerumani, waliojenga ngome ya Ikoma jirani na Robanda, zilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II.

Tofauti hiyo si ya wasomi pekee. Asiyeifahamu hutapeliwa kwa urahisi. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Sarafu iking'olewa ardhini na kusuguliwa ili ing'ae, hupoteza sehemu kubwa ya historia yake.

Dinari yenyewe haikutajwa Rhapta. Jina lake, hata hivyo, lilifika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu.