Data za Utafiti Zisizikwe Makabatini

Mwanafunzi wa uzamili akishaitetea tasnifu yake mbele ya watahini, ikajalidiwa na kuwekwa rafuni maktabani, aghalabu hapana amwulizaye zilikokwenda hojaji alizojaziwa vijijini, wala sauti za mahojiano, wala majedwali ambayo hoja zake zote zimesimama juu yake; navyo hubaki katika flashi iliyomo ndani ya mtoto wa meza, hata siku moja vikapotea, ilhali hukumu iliyotolewa kwa ushahidi huo ingali ikinukuliwa.

Si dhana tupu. Mwaka 2014 Timothy Vines na wenzake, katika jarida la Current Biology, walieleza jinsi walivyozitafuta data za makala 516 za elimu ya viumbe, zenye umri wa miaka 2 hadi 22, wakaona kwamba uwiano wa uwezekano wa data kuwa zipo ulishuka kwa asilimia 17 kila mwaka upitao: anwani za waandishi zilikuwa zimekufa, na vifaa vya kuhifadhia havisomeki tena.

Kinyume cha hayo ni Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, kazi ya kukusanya matini iliyoasisiwa na Profesa Arvi Hurskainen wa chuo kikuu cha mji huo, ambayo toleo lake la pili, lenye maneno yapatayo milioni 25, limo katika Benki ya Lugha ya Ufini, hata mwanaisimu aliyeko Mombasa au Zanzibar aweza kuitumia pasipo kuanza upya kazi ya miaka mingi.

Walakini kuhifadhi si kutupia faili. Tuseme jedwali la wakulima wa kijiji kimoja lina safu ya umri: 34, 51, 99, 27, 99. Aliyelitunga ajua kuwa 99 ni alama ya asiyejibu. Mgeni atakayelifungua baada ya miaka kumi atadhani kijiji kile kimejaa vikongwe. Ndiyo sababu mkutubi hudai faili ya maelezo, isemayo maana ya kila safu, nani alikusanya, wapi, lini na kwa idhini gani. Kisha data hupewa kitambulisho cha kudumu, DOI, zipate kunukuliwa kama kinukuliwavyo kitabu.

Wako wanaohofu kutanguliwa na wenzao, na hofu hiyo si ya kubezwa. Hazina nyingi za kuhifadhia data huruhusu zifungwe kwa muda maalumu, mpaka mwenyewe achapishe. Ziko pia siri za watu, ambazo sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zimeamuru zilindwe. Wala kufuta jina hakutoshi, maana mkunga aliye peke yake kijijini hutambulikana kwa kazi yake tu.

Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi vina hazina za kidijitali zihifadhizo tasnifu. Basi na kanuni iwe kwamba pasiwe na shahada pasipo data kukabidhiwa pamoja na maelezo yake, na kazi hiyo ihesabiwe mhadhiri anapopandishwa cheo; kwani mwanakijiji aliyeacha jembe lake akajibu maswali saa nzima anastahili majibu yake yatunzwe, asije akaulizwa yale yale na mtafiti mwingine mwakani.