Ndagala, Dagaa na Roboti: Ujifunzaji wa Kitamaduni Ukitazamwa kutoka Rumonge

Katika mwalo wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, samaki mdogo anayevuliwa usiku kwa taa huitwa ndagala. Samaki huyohuyo ni dagaa mjini Kigoma na kapenta upande wa Zambia. Mukeke wa Burundi naye huitwa mgebuka Tanzania. Makala haya yanatumia majina hayo kulipima wazo moja la taaluma ya roboti: kwamba kundi la mashine laweza kujifunza kwa kuigana na kurithishana, kama jamii inavyorithishana lugha, pasipo mhandisi kuifundisha kila moja.

Jaribio mashuhuri ni la Luc Steels na wenzake, la mwaka 1999. Kamera zenye uwezo wa kujigeuza ziliwekwa katika miji kadhaa, ikiwemo Antwerp na Paris, mbele ya ubao wenye maumbo ya rangi. Programu zilisafiri kwa intaneti kutoka kamera hadi kamera na kukutana mbilimbili. Msemaji huchagua umbo na kulitaja kwa neno, hata la kubuni papo hapo. Msikilizaji hukisia umbo lililokusudiwa. Wakielewana, neno huongezewa uzito na visawe vyake hupunguziwa. Wasipoelewana, msikilizaji huonyeshwa umbo lenyewe. Baada ya mikutano mingi, msamiati wa pamoja huibuka bila kamusi wala baraza la lugha. (Sisi wasanifishaji tutasamehewa tukiona wivu kidogo.) Baadaye, Alan Winfield na wenzake mjini Bristol walionyesha kwamba roboti ndogo zinapoigana miondoko hukosea, na makosa hayo huzaa miondoko mipya.

Katika mchezo wa Steels, kisawe ni mzigo, sharti kimoja kishinde. Ziwani sivyo. Mchuuzi anayevuka mpaka huyahitaji majina yote mawili, kwani hujua pia nani hulitumia lipi. Kanuni ya kuvipunguzia visawe uzito ingeyafuta maarifa hayo.

Jambo hili si la nadharia tu. Nchi nne za ziwa hili zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, na uvuvi wake hauwezi kusimamiwa bila takwimu zinazolinganishika. Tuchukulie kwamba mashine za kurekodi samaki zimezoezwa kwanza Kigoma, kisha zikaambukiza msamiati wao Rumonge: neno dagaa litashinda kwa wingi wa mikutano tu. Isitoshe, jina ndagala hujumuisha spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Makubaliano kamili juu ya neno yaweza kuficha kosa katika hesabu.

Napendekeza uzito wa neno uhesabiwe kwa kila kundi la wazungumzaji, na spishi ndiyo iwe kiungo cha visawe. Mashine ya Rumonge ikikutana na ya Kigoma, zipashane pia habari ya nani husema nini, na katika mwalo upi.