Kutembeza bakuli: hesabu za William Lacy Swing

William Lacy Swing alipoapa kuliongoza Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, Oktoba 2008, alikuwa na umri wa miaka 74. Aliondoka Geneva, yaliko makao makuu ya shirika hilo, mwaka 2018, akiwa na 84. Nyuma yake kulikuwa na ubalozi wa Marekani katika nchi sita, tano za Afrika pamoja na Haiti. Lakini kituo kinacholeta hesabu nono ni Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Huko, kuanzia 2003 hadi 2008, aliongoza MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuwa na askari wapatao 17,000 na bajeti iliyopita dola bilioni 1 kwa mwaka. Uchaguzi wa 2006 uliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 25 na kufungua vituo karibu 50,000, katika nchi ambayo barabara zake ni za kuhesabu. Wagombea urais walikuwa 33. Wa ubunge walizidi 9,000 kwa viti 500, hata karatasi ya kura katika baadhi ya majimbo ya Kinshasa ikawa na kurasa kadhaa. Gharama ilikaribia dola milioni 500, yaani kama dola 20 kwa kila aliyejiandikisha, bila kuhesabu askari.

Ile bajeti ya MONUC ilitokana na mchango wa lazima: kila nchi mwanachama hupangiwa sehemu yake, ipende isipende. Geneva mambo ni mengine. Kufikia 2018 IOM ilikuwa ikitumia takriban dola bilioni 1.8 dunia nzima, si hata mara mbili ya operesheni ile ya nchi moja. Na kati ya hizo, mchango wa lazima ulikuwa kama faranga milioni 50 za Uswisi, chini ya asilimia 3. Zilizobaki ni za miradi, na mfadhili ndiye anayesema ziende wapi. Mkurugenzi Mkuu, pamoja na heshima zake zote, hutembeza bakuli.

Swing alilitembeza vizuri. Wanachama walifika 172, wafanyakazi wakapita 10,000, na Septemba 2016 shirika likaingia katika familia ya Umoja wa Mataifa. Nembo ilibadilika, mfumo wa fedha haukuguswa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mafanikio yake yalipopungukiwa, ingawa lawama ni za serikali wanachama zaidi kuliko zake, kwani ndizo zinazopenda kushika kamba ya mfuko.

Amy Pope, aliyemshinda mrithi wa Swing, António Vitorino, mwaka 2023 na kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, ndiye aliyeletewa bili. Machi 2025, baada ya Marekani kukata misaada, IOM ilitangaza kwamba fedha za wafadhili mwaka huo zingepungua kwa asilimia 30. Wafanyakazi zaidi ya 6,000 waliguswa, na makao makuu yakapunguzwa kwa asilimia 20.