Gari Linalosukumwa Kutoka Tezi

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba, na kwamba mtu akitaka kueleza mtambo hana budi kuazima ulimi wa Mwingereza. Dai hilo nimelisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Leo nitalijadili kwa kutumia kifaa kisichotarajiwa katika ukurasa huu, yaani gari dogo la kasi, la milango miwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma na ambalo bei yake haimvunji moyo mtu wa mshahara.

Waingereza huliita gari la umbo hilo kwa neno walilolichukua kwa Wafaransa. Nikilitohoa kwa kanuni zetu za matamshi napata "kupe", na wafugaji wa Kinango watanicheka. Tuseme gari la milango miwili, yaishe.

Mfano bora tulio nao Afrika Mashariki ni Datsun 240Z. Wajapani waliizindua mwishoni mwa mwaka 1969, na ilipofika Marekani iliuzwa kwa dola 3,526 hivi, ilhali Jaguar E-Type, iliyofanana nayo kwa pua ndefu, ilihitaji fedha nyingi zaidi. Injini yake ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na gari zima lilizidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake, likipanda na kushuka bila kumsumbua mwenzake. Faida kubwa katika barabara zetu za mashimo. Edgar Herrmann alishinda nayo mashindano ya Safari mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, hata ikabidi itumiwe kanuni ya kuvunja sare.

Lakini kwa nini nguvu ipelekwe nyuma? Fundi mmoja wa Ukunda, ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe, alinieleza jambo hilo kwa lugha ya baharini, na sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi. Gari, alisema, lina omo na tezi. Injini imekaa omo. Nguvu yake hupita giaboksi, ikafuata propela chini ya sakafu, ikaingia difu, ndipo ikafika magurudumu ya tezi. Ukikanyaga mafuta, chombo huinua omo na kukalia tezi. Uzito ukienda tezi, magurudumu ya huko hushika ardhi barabara, na yale ya mbele hubaki na kazi moja tu ya kuelekeza. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huyabebesha kazi zote mbili, na katika kona kali huelemewa.

Hapa mfano wa chombo hupinduka kidogo, maana sukani ya jahazi iko tezi, ya gari iko omo. Hata hivyo, dereva hodari huweza kuigeuza tezi ya gari kwa kukanyaga na kuachia mafuta tu. Hiyo ndiyo raha yenyewe, na ndiyo hatari yake pia mvua inaponyesha. Neno "usukani" lenyewe lilitoka chomboni likapanda garini, na hakuna aliyelalamika.

Wala msukumo wa nyuma si jambo geni kwa mwanafunzi wa Kwale. Matatu aina ya Toyota HiAce inayomtoa Likoni hadi Msambweni husukumwa vivyo hivyo, bodaboda kadhalika. Kilicho adimu ni kuupata katika gari jepesi la bei nafuu, kwa kuwa watengenezaji wengi waliona ni rahisi kuifunga mitambo yote mbele na kumwachia abiria nafasi.

Nitaambiwa kwamba fizikia hutahiniwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na sitarajii baraza la mitihani libadili hilo kwa sababu ya makala yangu. Ila mtihani hupima ufahamu. Haukatazi mwalimu kuujenga ufahamu huo kwa lugha ambayo mtoto ameijia nayo.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu kwa nini Toyota 86, iliyotoka mwaka 2012, iliwekewa injini ya Subaru ambayo silinda zake zimelazwa chini badala ya kusimama. Kijana mmoja wa Gazi alijibu papo hapo: ni kama farumu, mzigo mzito ukiwekwa chini, chombo hakiyumbi. Nikamwomba aliandike jibu hilo kwa Kiingereza. Alikaa kitambo kirefu, kalamu mkononi, karatasi ikiwa tupu.