Mapafu Yaliyojaa, Pumzi Iliyokatika

Mtu anayekimbia kilomita 10 bila taabu huingia bwawani, akapiga mita 25 za mtindo huru, akafika ng'ambo anatweta kama aliyefukuzwa na mbwa. Wenzake watamwambia hana stamina. Stamina anayo, hajatoa pumzi tu.

Wengi hudhani tunahema kwa sababu oksijeni imepungua. Mwaka 1905, John Scott Haldane na John Gillies Priestley wa Oxford walionyesha kwamba katika hali ya kawaida kinachoendesha upumuaji ni hewa ya ukaa. Ikipanda kidogo tu katika damu, ubongo hukihimiza kifua kifanye kazi. (Haldane alikuwa akijifungia katika vyumba visivyopitisha hewa ili aone yatakayomfika. Sayansi ya wakati ule haikusubiri kamati.) Hewa tunayoitoa bado ina oksijeni asilimia 16 hivi, kati ya 21 tuliyovuta. Lakini ukaa umepanda kutoka asilimia 0.04 hadi karibu 4, na huo ndio unaotakiwa utoke.

Anayejifunza hubana pumzi kila uso unapozama. Akigeuza kichwa, nafasi aliyonayo haifiki hata sekunde moja, na ndani yake anataka atoe na avute. Hutoa nusu, huvuta nusu, juu ya mapafu ambayo hayajapungua. Akirudia hivyo mara kadhaa, ukaa hulimbikizana, naye anaona hewa haimtoshi ilhali kifua kimejaa. Zaidi ya hapo, maji yenyewe hukibana kifua, hivyo kuvuta hewa kunahitaji nguvu zaidi kuliko nchi kavu.

Basi mapovu yaanze mara uso unapogusa maji: polepole, kwa pua na mdomo, kisha msukumo mmoja wa nguvu kabla ya kugeuka. Kichwa kisinyanyuliwe; kizunguke pamoja na bega, kioo kimoja cha miwani kibaki majini. Kichwa kinachosonga mbele husukuma maji na kuacha bonde dogo kando ya shavu, na mdomo hupata hewa humo, chini kidogo ya usawa wa bwawa. Ukikiinua, bonde unalikosa, miguu inazama, unaanza kupiga mateke kujiokoa. Misuli ya mapaja ni mikubwa: hula oksijeni nyingi na kuzalisha ukaa mwingi.

Wapo makocha wanaowalazimisha hata wanaoanza kupumua kila mpigo wa tatu wa mkono. Sioni faida yake mapema hivyo. Waogeleaji wengi wa masafa marefu hupumua kila mpigo wa pili, na hakuna anayewacheka.

Ujanja wa kukataa kabisa ni kuhema harakaharaka ukingoni kabla ya kuogelea chini ya maji. Hauongezi oksijeni ya maana. Hufukuza ukaa, na hamu ya kupumua huchelewa kuja. Oksijeni huisha kabla ya hamu hiyo, na mtu huzimia bila onyo, hata maji yakiwa ya kiunoni. Hatapatapi wala hapigi kelele, kwa hiyo mwokoaji anaweza kudhani bado yumo mazoezini. Ndiyo maana mabwawa mengi hupiga marufuku mashindano ya kubana pumzi, hata kwa wanaojua kuogelea vizuri.