Wembe wa marehemu babu: twahara, amana na upole wa mkono

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu msomaji, Nungwi ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, na upepo wa bahari huko hauachi chuma kikae salama. Mafundi wa majahazi wanalijua hilo kuliko sisi. Hivi karibuni, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja wa huko alitujia na kitu kilichofungwa katika kitambaa.

“Shikamoo maalim. Hii ni mashine ya kunyolea ya marehemu babu. Katika mirathi imeniangukia mimi, lakini haifunguki. Ndugu zangu wanasema niitupe.”

Tulipofungua kitambaa tukaona mashine ya Gillette ya zamani, ile yenye pete ya namba 1 hadi 9 shingoni. Mpini ulikuwa na alama za meno ya koleo. Tukamuuliza: “Mwanangu, na wembe uliomo ndani ni wa nani?” Akatabasamu kwa haya. “Wa sote, maalim. Mimi na kaka zangu wawili tulikuwa tukipokezana mpaka ikakwama.”

Jibu hilo lilitushughulisha kuliko kukwama kwenyewe, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Wembe katika sharia

Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo matano ya fitra. Miongoni mwao ni kuondoa nywele za sehemu za siri, jambo liitwalo istihdadi, neno lililotokana na hadidi, yaani chuma. Na Anas (R.A.) amepokea, kama ilivyo kwa Muslim, kuwa mambo haya yasiachwe zaidi ya siku arubaini. Basi hata nyumba isiyonyoa ndevu inao wembe. Mtoto hunyolewa siku ya saba kwa wembe, na anayehiji hunyoa kichwa kwa wembe.

Tunakumbuka pia kisa cha Khubayb bin Adiyy (R.A.), alipokuwa mateka Makka akingoja kuuawa. Aliazima wembe kwa mwanamke wa nyumba ile ili ajisafishe. Mtoto wa mwanamke huyo akamwendea, akaketi pajani pake, na wembe ungali mkononi. Mama akaingiwa na hofu. Khubayb akamtoa wasiwasi kwamba hawezi kutenda alilolihofia. Baadaye mama yule alishuhudia kuwa hajapata kuona mateka bora kuliko yeye. Funzo letu hapa ni kuwa mwenye wembe ameshika amana, na usalama wa wengine umo mkononi mwake.

Chombo chenyewe

King Camp Gillette alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1904. Mashine zake za kurekebishwa zilienea kuanzia mwaka 1958, na ile nyembamba kama ya kijana wetu ikafuata mwaka 1961. Mwili wake ni wa shaba iliyopakwa nikeli. Ukizungusha kifundo kilicho chini ya mpini, milango miwili ya juu hufunguka ili utie wembe wenye makali pande mbili. Ukizungusha pete, unabadilisha nafasi iliyopo baina ya makali na ukingo: namba ndogo kwa ngozi laini, namba kubwa kwa nywele nzito.

Kinachoikwamisha mara nyingi si kuvunjika. Ni sabuni iliyokauka ndani pamoja na chokaa ya maji. Unguja kuna ardhi kubwa ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake huwa na chokaa nyingi. Miaka inapopita bila kusuuzwa vyema, uchafu huo hugeuka mithili ya saruji.

Namna ya kuisafisha

Kwanza, weka koleo kando. Chuma kinachokwama hakishindwi kwa nguvu. Tia mashine katika bakuli la maji ya moto kiasi, yasiyochemka, pamoja na sabuni ya kuoshea vyombo, uiache kwa robo saa. Kisha jaribu kifundo kwa vidole tu. Kikikataa, badilisha maji na urudie.

Pili, milango ikifunguka, toa wembe kwanza, ukiushika kwenye ncha zake fupi zisizo na makali.

Tatu, sugua kwa mswaki mlaini, hasa kwenye bawaba za milango na chini ya pete. Fungua na ufunge, zungusha pete mbele na nyuma ungali na povu, ili uchafu utoke ndani. Usitumie msasa, chuma cha kusugulia masufuria wala dawa ya kung'arishia nguo. Vitu hivyo hula nikeli, na shaba ikibaki wazi hewa ya bahari huimaliza.

Nne, suuza kwa maji baridi safi, kausha vyema, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani penye kuzunguka. Mafuta ya kupikia hugandamana.

Wapo wanaotaka kuifungua yote vipande vipande. Mashine za Merkur za Solingen, Ujerumani, zile ziitwazo Progress, kifuniko chake hutoka chote ukifungua kifundo, na wakati wa kukirudisha ni lazima alama ya kifuniko ielekeane na ya kitako. Lakini hizi za Gillette ziliunganishwa kiwandani, wala hakukusudiwa mtumiaji azifumue. Aliye na busara husafisha bila kufumua.

Mpini hurithiwa, wembe haurithiwi

Tulirudia maji mara tatu. Mara ya tatu pete ikasogea, kisha milango ikafunguka. Chini ya kichwa kulikuwa na alama J3, yaani robo ya tatu ya mwaka 1964. Kijana akaishika kama aliyeshikana mkono na babu yake.

Lakini wembe uliotoka ulikuwa na kutu na doa jeusi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, damu kwenye chuma haitwahariki kwa kufutwa, bali kwa maji. Na hata maji hayatoshi kuufanya wembe wa mtu uwe wa ndugu yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, katika damu usiyoiona kwa macho. Mashine iliyotoka kwa mtu mwingine, baada ya kuoshwa, iloweshwe katika spiriti ya hospitali. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya twahara ya spiriti, basi mwenye kujihadhari na aisuuze kwa maji baadaye.

Tukamwambia: “Mpini ni wako, mwanangu, mirathi imekupa. Wembe kila mtu awe na wake. Na wewe na kaka zako nendeni hospitali mkapime. Aliye salama, achanjwe.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Tutakwenda, maalim. Nitawaambia mimi.”

Ule wembe wa zamani tuliutia katika kopo lenye mfuniko, kwani watoto wa Nungwi hucheza ufukweni miguu mitupu. Mzazi anayesoma haya leo na atazame rafu ya chooni kwake kabla ya sala ya Ijumaa: wembe ule ni wa nani, na nani mwingine anautumia?

Tunamuomba Allah atutwaharishe miili na nyoyo, na amrehemu babu huyo na wazee wetu wote. Amin.