Adabu ya Simu ya Mkononi: Aliyepo na Asiyekuwapo

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo ina kanuni iliyo wazi: haki ya kusikilizwa ni ya yule aliyefika. Simu ya mkononi imeipindua kanuni hiyo. Asiyekuwapo hupiga simu, na mara lake likawapo. Aliyepo, ambaye pengine amepanga foleni tangu alfajiri, huachwa na neno lake mdomoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utovu wa adabu unaolalamikiwa hautokani na chombo chenyewe, bali na kusahauliwa kwa desturi ambazo Waswahili wanazo tangu zamani.

Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako lilikuwa na maana ya waya. Waya huo ndio uliokuwa mpaka. Simu ya zamani ilikaa mezani, nyumbani au ofisini. Mpigaji alijua anapiga wapi, ila hakujua atajibiwa na nani. Ndiyo sababu mazungumzo yalianza kwa swali, "Nani mwenzangu?" Tangu mwaka 2000, huduma ya simu za mkononi ilipoanza kuwafikia watu wengi nchini Kenya, swali limegeuka. Mpigaji humjua anayempigia, kwa hiyo huuliza, "Uko wapi?" Swali hilo si la udadisi mtupu. Ni kukiri kwamba mpigaji haoni alikoingia: huenda ni matangani, msikitini, darasani au wodini.

Katika desturi za pwani, asiyeona ndani hupiga hodi. Hodi ina kanuni tatu. Kwanza, kubisha hakutoshi. Sharti mgeni angoje kuambiwa "karibu". Pili, hodi hupigwa mara tatu, na asipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka bila kinyongo. Tatu, mwenyeji anaweza kuomba radhi kwamba hana nafasi kwa sasa. Kanuni hizi zafaa simu bila kubadilishwa. Mlio wa simu ni hodi, si amri. Anayepiga mara saba mfululizo amekwisha kuvunja mlango. Ujumbe mfupi wa kuuliza kama mtu ana nafasi ni hodi iliyo bora zaidi. Na simu ikipokewa, yafaa mpigaji aulize kama wakati ni mwafaka kabla ya kuanza maelezo yake.

Kazini jambo hili lina uzito mkubwa zaidi. Karani anayepokea simu huku akimhudumia mtu humweka aliye mbali mbele ya foleni. Ikiwa simu haiepukiki, "Niwie radhi, mama" isemwe kabla ya kuipokea, wala si baadaye. Mwenye mgonjwa nyumbani na awaarifu wenziwe mkutano unapoanza kwamba huenda akatoka. Hapo hakuna atakayemlaumu. Kuna pia suala la siri. Afisa anayetaja kwa sauti nambari ya kitambulisho cha mtu, au ugonjwa wake, amemvua nguo hadharani. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila ukumbi ikisikiliza; adabu ndiyo mlinzi wa karibu.

Katika matatu, anayefungua kipaza sauti huwakosea watu wa pande mbili. Abiria hulazimishwa kusikia yasiyowahusu; na aliye upande wa pili hajui kwamba deni lake au ugomvi wa nyumba yake umeanikwa mbele ya abiria kumi na wanne. Angalau angeambiwa, "Niko garini, tuzungumze baadaye," naye angechagua maneno yake.

Haifai kuhitimisha kwamba simu izimwe kila mahali. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, karo na gharama za hospitali hupitia chombo hichohicho. Kukizima kwaweza kumnyima mtu haki yake. Linalotakiwa ni kupima: nani yupo, nani hayupo, na shida ya yupi haiwezi kungoja. Walimu wa Kiswahili, wafundishapo mazungumzo ya simu, hawana budi kuanzia kwenye hodi, kabla ya kufika kwenye "halo".